ASOME KABLA YA KUPEWA FUNGUO

Wahenga walinena kwamba elimu ni bahari. Ama kweli! Lakini wako walimu wetu ambao huingia bahari hiyo usiku, wakiwa wamechoka, huku sisi wanafunzi tumesimama ufuoni tukiwanung'unikia. Leo nataka tulizungumze jambo hili waziwazi, bila kumwaibisha mtu.

Muhula uliopita nilitumwa kupeleka madaftari stafrumu. Ilikuwa jioni na stima ilikuwa imepotea, kama ilivyo kawaida yake hapa Musanda mvua inaponyesha. Nilimkuta mwalimu mmoja amejiinamia mezani, anasoma kwa mwanga wa simu, mbele yake rundo la karatasi. Nilifurahi, nikidhani anasahihisha insha zetu, ambazo zilikuwa zimekaa wiki tatu. Kumbe wapi! Alikuwa akiandika tasnifu yake ya shahada ya uzamili katika usimamizi wa elimu. Kila likizo, sisi tunapokwenda nyumbani kupalilia miwa na kuchunga ng'ombe, yeye hupanda bodaboda hadi Mumias, kisha matatu hadi Kakamega, katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro.

"Mwalimu," nikamwuliza, "si tayari una digrii? Wasomea nini tena?"

Akacheka. "Kuwafundisha ninyi nilifunzwa," akasema. "Kuongoza shule sijafunzwa."

Nilipowasimulia wenzangu bwenini, walicheka. Mmoja akasema, "Huyo anasomea cheo tu." Mwingine akasema, "Anatafuta mshahara, na sisi insha zetu zinaoza." Nakiri kwamba mimi pia nilicheka nao. Lakini nilipolala, maneno ya mwalimu yalinizuia usingizi. Nimeyafikiria tangu siku hiyo, na maoni yangu ni haya: tatizo si kwamba mwalimu anasoma. Tatizo ni kwamba walio wengi hupewa funguo za shule kwanza, halafu ndipo wanaanza kutafuta masomo ya kuiongoza.

Hebu tutazame kazi yenyewe. Sisi humwona mwalimu mkuu gwarideni Jumatatu tukadhani kazi yake ni kuhutubu na kuwaadhibu watoro. La hasha! Tangu mwaka wa 2018 serikali imepanga kutoa shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya kutwa ya umma. Shule yenye wanafunzi 600 ingepaswa kupata zaidi ya milioni 13. Fedha hizo huchelewa na huja nusunusu, na hilo ndilo linalozidisha ugumu: mkuu lazima aamue ni nani alipwe leo, muuza mahindi au muuza vitabu. Lazima ajue sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka wa 2015. Chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013, yeye ndiye katibu wa bodi ya shule. Tena lazima amsikilize mzazi ambaye miwa yake haijalipwa. Sisi wa huku twajua jinsi karo ilivyokuwa shida pale kiwanda cha Mumias kiliposhindwa kulipa madeni, hata benki ikakiweka chini ya meneja wake mwaka wa 2019. Je, mtoto wa mzazi huyo arudishwe nyumbani au abaki darasani? Hilo si swali la ubao na chaki.

Sasa, ni nani hupewa kazi hiyo? Mara nyingi ni yule aliyefundisha vizuri, masomo yake yakaongoza katika mtihani. Aliyejua kufundisha kemia anaondolewa kwenye kemia na kukabidhiwa vitabu vya hesabu za fedha. Mkulima hodari wa miwa hawezi kuamka asubuhi akaambiwa, "Haya, endesha kiwanda." Lakini shuleni twafanya hivyo hivyo tu, kisha twashangaa mambo yakienda mrama.

Na yakienda mrama, wanaoumia ni sisi. Mwezi wa Machi mwaka wa 2001, wavulana 67 waliteketea katika bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, kule Machakos. Madirisha yalikuwa na vyuma, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Mwaka wa 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni: milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma. Hata hivyo, bado twaendelea kuzika. Hapa kwetu Kakamega, tarehe 3 Februari 2020, watoto 14 wa Shule ya Msingi ya Kakamega walikufa kwa kukanyagana wakishuka ngazi jioni. Simlaumu mtu kwa msiba huo. Nasema tu kwamba mwongozo uliofungiwa kabatini haumwokoi mtoto. Anayemwokoa ni kiongozi aliyefunzwa kutazama mlango, ngazi na dirisha kabla ya kutazama alama za mtihani.

Najua wako watakaonipinga. Watasema, "Mbona Dakta Geoffrey Griffin aliijenga Starehe bila kwanza kusomea uzamili wa uongozi wa elimu?" Ni kweli, alikuwa kiongozi wa kupigiwa mfano. Lakini Griffin alianza mwaka wa 1959 na vibanda viwili vya mabati, akakaa pale pale hadi alipofariki mwaka wa 2005. Alikuwa na miaka 46 ya kujifunza katika shule ile ile moja. Mwalimu mkuu wa siku hizi hukuta shule ya mamia ya wanafunzi na madeni juu, na kabla hajazijua njia zake anapata barua ya uhamisho. Atajifunzia wapi, kama si kabla ya kufika?

Wengine watasema shahada si dawa. Hapo nakubaliana nao kabisa! Karatasi haiongozi shule. Kama mtu atasoma apate cheti cha kuning'iniza ukutani, heri angesahihisha insha zetu. Ndiyo maana nina mapendekezo matatu.

Kwanza, masomo yatangulie cheo. Tume ya Huduma za Walimu isingoje mtu awe mkuu ndipo atumwe kozi. Tunayo taasisi ya KEMI, iliyoanza mwaka wa 1981 kwa jina la KESI, kazi yake ikiwa ni kuwafunza wasimamizi wa shule. Walimu wenye kipawa cha kuongoza wapelekwe huko, au chuo kikuu, wakiwa bado ni wakuu wa idara.

Pili, wasaidiwe. Mwalimu anayejilipia karo kwa mkopo, huku akiwa na watoto wake wanaodaiwa karo, anabeba magunia mawili. Apewe likizo ya masomo na nafasi yake darasani ijazwe, ili mzigo usituangukie sisi.

Tatu, tasnifu irudi nyumbani. Mwalimu akichunguza kwa nini wanafunzi wa kutwa huchelewa, au kwa nini wasichana huacha shule, asiiache kazi hiyo ilale kwenye rafu za chuo. Na aisome mbele ya bodi, wazazi na sisi wenyewe. Hapo hata wale wenzangu wa bwenini watajua kwamba usiku ule haukupotea bure.

Nasi wanafunzi tuna letu. Tuache kudhani kwamba kila mwalimu anayesoma anatukimbia. Juzi nilirudi kwa yule mwalimu, nikamwambia nimeudhika kwamba insha zimekaa sana. Hakukasirika. Alisema, "Una haki." Kisha akaniuliza, kama ningekuwa mkuu wa shule, ningeanza na nini. Nilikaa kimya, maana sikuwa na jibu. Jioni hiyo nilipita mabweni yote nikitazama milango. Kuna mmoja unaofunguka kwa ndani. Nimekwisha kumwambia.

Hayo ni maoni yangu. Asiyekubaliana nami na ashike kalamu, toleo lijalo linamngoja.