Projekta Haikatai

Imekuwa ada katika kumbi zetu za mikutano, na sasa madarasani, kusikia kauli moja: "Projekta imekataa." Mwanafunzi hutumwa akamwite fundi, wenzake huanza kupiga soga, na kipindi cha dakika 40 hupotea bure. Mimi ni mtu wa isimu, na kitenzi hicho hunikera. Kukataa ni tendo la mwenye hiari. Mashine haina hiari. Ina hitilafu, na kila hitilafu ina dalili yake. Tunayapa maradhi matano jina moja, kisha tunashangaa kwamba dawa haipatikani.

Dalili iliyoenea zaidi ni taa kuwaka ilhali ukuta unaonyesha buluu tupu, au tangazo kwamba hakuna kinachopokelewa. Hapo projekta ni nzima kabisa. Inangoja picha kwenye tundu ambalo picha haipitii. Aghalabu matundu huwa mawili au zaidi: lile pana la VGA, lenye nafasi za pini 15, lililoanza na tarakilishi za IBM mwaka 1987, na lile jembamba la HDMI. Bonyeza kitufe kilichoandikwa SOURCE au INPUT mpaka jina la tundu lenye waya wako litokee. Ikiwa bado, basi tarakilishi ndiyo haijaamrishwa kutoa picha nje. Katika zile zinazotumia Windows, shikilia kitufe chenye nembo hiyo, ubonyeze herufi P, kisha uchague picha ionekane pande zote mbili. Picha ikigeuka manjano au waridi, kaza waya wa VGA kabla ya kuilaumu taa. Waya huo, kwa hakika, haubebi sauti asilani. Wanaongoja kusikia filamu kupitia kwake watangoja sana.

Linaloniudhi zaidi ni joto. Projekta inayojizima baada ya robo saa haijafa, imejiokoa. Chujio lake limejaa vumbi la chaki, au kuna aliyerundika vitabu mbele ya matundu ya hewa. Ichomolewe, ipoe, isafishwe. Na kikao kinapokwisha, zile zenye taa ya zebaki zisikatiwe umeme ghafla: zizimwe kwa kitufe chao, feni iachwe imalize kazi. Taa hiyo yaweza kudumu saa elfu kadhaa ikitunzwa, na bei ya kuibadilisha si mchezo.

Tangu mwaka 2016, serikali ilipoanza kusambaza vifaa vya dijitali katika shule za msingi za umma, projekta zimefika hata vijijini ambako fundi wa karibu yuko safari ya matatu mbili. Huko mwalimu akishatamka kwamba imekataa, kifaa hutiwa kabatini na vumbi likakirithi. Walimu wakuu na wabandike maelekezo haya ukutani, kwa Kiswahili, na wanafunzi wawili wa kila darasa wafunzwe kuyafuata. Ufunguo wa kabati nao usikae mfukoni mwa mtu mmoja.