KURA KWA INTANETI: TUCHUNGUZE KWANZA

Ndugu wananchi wa Lubumbashi,

Wako wanaosema kwamba siku moja tutapiga kura kwa simu, mtu akikaa nyumbani kwake Katuba au Ruashi, bila mstari wala jua. Sisi hatukatai maendeleo. Lakini wazee wetu hawakupewa haki hii bure. Mji huu ulipokuwa ukiitwa Elisabethville, Waafrika walipiga kura mara ya kwanza Desemba 1957, tena wanaume tu, na kwa kuchagua washauri wa komini peke yake. Haki iliyokawia hivyo haitupwi ovyo.

Tutazame tuliyoyaona. Tarehe 30 Desemba 2018 tulichagua kwa mashine. Uligusa picha ya mgombea, karatasi ikatoka, ukaitia sandukuni kwa mkono wako. Karatasi ilibaki, ikaweza kuhesabiwa mbele ya mashahidi. Kesho yake intaneti ikakatwa, ikakaa hivyo karibu siku 20. Twauliza: kama sanduku lingekuwa ndani ya intaneti, kura yako ingekuwa wapi siku hizo? Tena, Januari 2024, Tume ya uchaguzi, CENI, ilifuta kura za wagombea 82. Kati ya makosa yaliyotajwa ni kushika mashine za kura pasipo haki. Ikiwa mashine inayoonekana kwa macho yaweza kufichwa, isiyoonekana nani atailinda?

Watatuambia habari za Estonia, nchi inayopiga kura kwa intaneti tangu 2005. Ni kweli. Lakini kule raia ana kitambulisho cha serikali chenye ufunguo wa siri ndani yake. Kwetu, kwa miaka mingi, kadi ya kura ndiyo iliyokuwa kitambulisho. Norway walijaribu 2011 na 2013, wakaacha. Na Ujerumani, mwaka 2009, mahakama ya katiba ilikataa mashine za kura zilizotumiwa huko, ikisema raia asiye fundi lazima aweze kuhakikisha hesabu.

Hiyo ndiyo kanuni tunayoitaka. Uchunguzi ufanywe, lakini hadharani, kwa Kiswahili na lugha zetu nyingine, mbele ya vyama vyote, na mafundi wasiolipwa na muuza mashine. Swali la kwanza lisiwe kama inawezekana. Liwe hili: mama anayeuza unga Kamalondo ataweza kuhakikisha kwamba kura yake imehesabiwa? Asipoweza, karatasi ibaki.

Kura iwe siri, hesabu iwe wazi. Wananchi, tusikubali kinyume chake!