MIFUGO NYUMBANI: Goti la Mbwa Laweza Kutibiwa Bila Kisu

Katika bonde la Galula, wilayani Songwe, mbwa si pambo la nyumba. Usiku ni mlinzi wa zizi, na mchana ni mwenzi wa mchungaji. Akirudi jioni amekunja mguu wa nyuma, hasara ni ya nyumba nzima.

Mfunge mdomo kwa kitambaa, kwani hata mbwa mpole huuma akipatwa na maumivu. Kisha tazama kama kuna mwiba au mfupa uliovunjika. Visipokuwapo, huenda ni goti. Ndani yake zimo kano mbili zilizopishana kama msalaba. Ile ya mbele ikikatika, mfupa wa muundi huteleza mbele kila mbwa akanyagapo. Mganga wa mifugo huitambua hali hiyo kwa kuusukuma mfupa huo kwa mkono.

Upasuaji ndio hutengemaza goti zaidi, hasa kwa mbwa mzito. Lakini toka Galula hadi Morogoro, ambako Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine hufundisha udaktari wa mifugo, ni safari ndefu na ya gharama. Je, asiyeimudu akate tamaa? La, hasha. Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani walitangaza habari za mbwa 40 wanene walioumia hivyo. Wote walipewa dawa, mazoezi na chakula cha kupunguza unene, lakini ni baadhi tu waliopasuliwa. Baada ya mwaka, waliopasuliwa walifanikiwa kiasi cha robo tatu. Wasiopasuliwa, karibu theluthi mbili. Mbwa wasiozidi kilo 15, kama walivyo wengi wa kienyeji, hutumainiwa zaidi.

Tiba yenyewe ni hii. Kwanza, mapumziko ya majuma sita hadi manane: mbwa afungwe kivulini kwa kamba fupi, mbali na sakafu yenye utelezi, asikimbie wala kuruka. Pili, kwa kuwa hafanyi kazi, apunguziwe ugali. Kila kilo iliyozidi hulielemea goti. Tatu, maumivu yakipungua, atembezwe kwa kamba dakika tano, mara mbili au tatu kwa siku, na muda uongezwe kidogo kidogo kila juma ili misuli ya paja ipate nguvu. Kwingineko mbwa huogeleshwa. Lakini Ziwa Rukwa lina mamba, tusijaribu.

Nne, dawa itoke kwa mganga wa mifugo. Vidonge vya binadamu, kama ibuprofeni na diklofenaki, huweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake. Wala goti lisifungwe bendeji ya kukaza, maana huzuia damu.

Kosa kubwa ni kumfungulia mbwa mara aachapo kuchechemea. Kano iliyokatika haiungi tena. Kinacholishika goti ni kovu nene na misuli, navyo hujengeka polepole. Akirudishwa machungani mapema, huumia upya, na mara nyingi goti la pili hufuata. Endapo majuma manane yamepita naye bado hakanyagi, au goti linalia, huenda gegedu limepasuka, na hapo hapana budi kutafuta mpasuaji.

Mchungaji na atembee peke yake kwa miezi miwili, ili mwenzake apate kumfuata kwa miaka. Hadi juma lijalo.