Kwa Nini Twanunua Dawa Ndani ya Matatu?

Abiri matatu ya nambari 46 iendayo Kawangware, au 23 ya Kangemi, na huenda kabla haijajaa akapanda mchuuzi mwenye mkoba na sauti ya mhubiri. "Abiria wapenzi, nani hapa haumwi mgongo?" Muda si muda atakuwa ameuza vipakiti kadhaa vya unga wa kutibu vidonda vya tumbo, kisukari na baridi yabisi.

Wengi huwacheka wanunuzi hao kwamba ni wajinga. Sikubaliani nao. Mchuuzi anaijua nafsi ya mnunuzi. Kwanza hutia hofu kwa kutaja dalili ambazo karibu kila mtu anazo: uchovu, kiungulia, maumivu ya kiuno. Kisha humpa kila abiria kipakiti akishike bure, na kilichomo mkononi ni vigumu kukirudisha. Halafu bei hushuka, kutoka shilingi 300 hadi 100. Mmoja akinunua, wengine hufuata. Na gari linapotaka kuondoka, hakuna wakati wa kufikiri. Mwanasaikolojia Mmarekani Robert Cialdini alieleza mbinu za aina hii katika kitabu chake cha mwaka 1984. Mchuuzi wetu amezijua bila kukisoma.

Madhara yake si ya kuchekesha. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria wanaosababisha vidonda vingi vya tumbo. Vidonda hivyo hupona kwa dawa za kuua bakteria, baada ya mgonjwa kupimwa. Anayetegemea unga huenda akafika hospitalini akitapika damu. Naye mgonjwa wa kisukari akiacha dawa zake, aweza kupoteza macho, figo au mguu.

Kumkamata mchuuzi pekee hakutoshi. Kesho atapanda mwingine. Yeye hutaja bei mapema, husema lugha ya abiria na hamkemei mtu. Zahanati zetu zijifunze hayo. Bei ya kila kipimo ibandikwe mlangoni, na mgonjwa aelezwe ugonjwa wake kwa maneno anayoyaelewa.

Nawe msomaji, ukipewa kipakiti, kirudishe kwanza, kisha uulize: je, dawa hii imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu? Na yawezaje dawa moja kutibu maradhi matatu yasiyo na chanzo kimoja? Wahenga walisema, rahisi ni ghali.