Anayerudi kwenye ajira aende na daftari la duka

WATU wengi wanaorudi kwenye soko la ajira baada ya kukaa nje miaka mitano, minane au kumi huingia kwenye chumba cha usaili wakiwa wameificha bidhaa yao iliyo bora kuliko zote. Wasifu wao unaonyesha benki au kampuni waliyoiacha, kisha miaka inarukwa, kisha majina ya wadhamini. Miaka hiyo iliyorukwa ndiyo waliyokuwa wakiuza mchele, wakikopesha na kudai, wakilipia leseni halmashauri na kukesha wakiwaza mzigo uliokwama njiani. Wanaona haya kuitaja, eti haikuwa kazi.

Haya hiyo ina gharama kubwa kuliko zamani, kwa sababu namna ya kusaili imebadilika. Waajiri wengi wakubwa sasa hutumia usaili wa kupima umahiri. Msailiwa haombwi tena ajieleze uwezo wake. Anaambiwa: "Tueleze siku uliyolazimika kumkatalia mteja mkubwa. Ulifanya nini, na matokeo yakawaje?" Kila mjumbe wa jopo ana karatasi yenye sifa zinazotakiwa, na kila jibu hupewa alama. Anayejibu kwa maneno ya jumla, hata yawe matamu namna gani, huambulia alama ndogo.

Utaratibu huu si wa jana. Mwaka 1954 Mmarekani John Flanagan alichapisha njia ya kukusanya matukio halisi ya kazini, iliyotokana na kazi yake ya kuchuja marubani wa kijeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1973 David McClelland wa Chuo Kikuu cha Harvard akatetea kupima umahiri wa mtu badala ya kupima akili yake kwa mitihani. Mwekezaji mdogo hahitaji profesa wa kumweleza hilo. Anayenunua hisa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam husoma kwanza hesabu za miaka iliyopita, ndipo asikilize ahadi za mwenyekiti wa bodi. Jopo la usaili nalo linanunua.

Chukua mfano wa karani wa mikopo aliyeacha benki mwaka 2009 kumuuguza mama yake, kisha akafungua duka la nafaka. Leo anaomba kazi ya ofisa mikopo, na anaulizwa kama aliwahi kushughulikia madeni sugu. Akijibu kwa haya atarudi kwenye mambo ya 2008, ambayo yamechuja. Akijibu kwa daftari atasema hivi: mwezi Machi duka lilikuwa linadai shilingi 3,200,000 kwa wateja 41, na mtaji wa kununulia mzigo ulikuwa unakauka. Yeye ndiye aliyekuwa na jukumu la kuurudisha bila kuwafukuza wateja wa mtaani. Aliweka kikomo cha shilingi 50,000 kwa mteja, akampangia kila mdaiwa kiasi cha kulipa kila Jumamosi, na wakubwa watano akawafuata nyumbani mwenyewe. Kufikia Agosti deni lilikuwa shilingi 900,000, na kati ya hizo 380,000 alizihesabu kuwa zimepotea.

Jibu hilo lina hali ilivyokuwa, jukumu, hatua alizochukua na matokeo, ndivyo vitu vinne ambavyo jopo huvisikilizia. Lina pia hasara, nayo imetajwa kwa shilingi. Ofisa mikopo anayejua kutenganisha deni litakalolipwa na deni lililokufa ni mali kwa benki yoyote. Kuna waliokaa kwenye kiti hicho miaka yote kumi na tano bila kujifunza kufanya hivyo.

Tatizo moja ni la malezi. Katika desturi za Waswahili kujitaja ni majivuno, hivyo msailiwa husema "tulifanikiwa" na "tukaamua". Jopo haliwezi kumpa alama "sisi". Lazima ijulikane nani aliamua, nani alipiga simu, nani alikataa. Kusema "niliamua" mbele ya watu wazima kunahitaji mazoezi, na ni bora yafanyike kwa sauti mbele ya rafiki asiyeona tabu kukatiza na kuuliza "wewe mwenyewe ulifanya nini hapo?"

Matukio sita au saba yaliyoandaliwa vizuri yanatosha. Tangazo la kazi lisomwe kwa kalamu mkononi: kila sifa iliyotajwa, iwe kufanya kazi na wenzake, kutatua mgogoro au kutunza fedha za wengine, itafutiwe tukio lake. Asiye na daftari ana taarifa za miamala ya simu, stakabadhi za wauzaji wa jumla na hati za kupokelea mzigo. Tarakimu zisitungwe. Msaili mzoefu huuliza swali la pili na la tatu juu ya tukio lilelile, na hapo tarakimu ya kubuni huanza kuyumba.

Aliyekaa nyumbani kulea watoto bila duka naye ana mzigo wa kuonyesha. Mweka hazina wa kikundi cha vikoba ametunza fedha za watu, amekataa mkopo wa jirani yake na amesimamia mgao wa mwisho wa mwaka. Kama kikundi chake kilisajiliwa kufuatana na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, ana hata karatasi za kuthibitisha.

Yaliyobadilika ofisini yasipuuzwe. Aliyetoka mwaka 2009 aliondoka M-Pesa ikiwa na mwaka mmoja nchini na mashine za risiti za TRA zikiwa bado hazijaanza. Zilianza mwaka uliofuata. Mwaka 2018 mifuko ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF. Anayeomba kazi ya uhasibu au utumishi akiitaja PPF kana kwamba ipo, amejimaliza mwenyewe. Kwa upande wa malipo ya simu na risiti, mwenye duka huenda anavijua kwa vitendo kuliko wanaomsaili.

Lakini matayarisho hayafungui kila mlango, na ni vyema mtu ajue kabla ya kulipa nauli ya kwenda Dodoma. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yamezoea kutaka mwombaji asiyezidi miaka 45, isipokuwa aliyeko tayari serikalini. Mtu wa miaka 48 mwenye daftari safi kuliko wote hatafika hata kwenye mchujo wa kuandika. Huo ni upotevu wa watu wenye ujuzi, na ungefaa kuangaliwa upya. Kwa sasa soko lake ni sekta binafsi.

Huko nako kuna maswali yasiyopaswa kuulizwa. Mwanamke huulizwa watoto ataachia nani, mwanamume aliyekuwa naye pembeni haulizwi. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, ujauzito, ndoa, majukumu ya familia na umri, na kinamlinda hata anayeomba kazi. Wafanyabiashara wanaoajiri watu watatu au wanne wasidhani sheria hiyo ni ya makampuni makubwa peke yake.

Mwishoni litakuja suala la mshahara, na hapa wafanyabiashara huteleza. Hulinganisha mauzo ya duka na mshahara, wakati cha kulinganisha ni faida baada ya pango, umeme na mzigo ulioharibika. Kwenye mshahara nako kuna kodi, na kwa aliye NSSF mchango wa asilimia 20 ambao kwa kawaida mwajiri hutoa nusu na mfanyakazi nusu. Kiasi cha kutaja kipigiwe hesabu nyumbani.

Na kama duka bado lipo, litaulizwa. Ofisa mikopo mwenye duka linalokopa benki ileile ana mgongano wa maslahi ambao utagundulika tu. Aseme mapema nani ataliendesha, kwa jina gani, na yeye atakanyaga pale siku zipi.