Masaa 48 ya Katiba, miezi ngapi ya buloko?



Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 18, inasema wazi: mutu hawezi kushikwa na polisi kupita masaa 48 bila kufikishwa kwa wakubwa wa sheria. Kifungu cha 17 kinasema kuwa huru njo kanuni. Kufungwa ni mara chache tu.

Jirani yetu mumoja alikamatwa juu ya simu iliyoibwa. Miezi saba sasa, hajaitwa kwenye tribinali hata siku moja. Mama yake anamupelekea bugali na sombe, na kwenye mulango wanamuomba pesa kila mara. Kama kijana hana kosa, nani atamurudishia hiyo miezi?

Haiko kwetu tu. Gereza la Makala, kule Kinshasa, lilijengwa kwa watu 1.500. Mwaka 2024 lilikuwa na zaidi ya 12.000, na wengi wao walikuwa hawajahukumiwa. Usiku wa tarehe 2 Septemba walijaribu kutoroka. Serikali yenyewe ilihesabu wafu 129. Kati yao, wangapi walikufa bila kusikia hukumu yao?

Tunaomba mambo matatu: majuji waende kuhukumu ndani ya magereza; kila dosie ipewe tarehe; muda wa sheria ukiisha, mutu aachiliwe na ajibu akitokea kwao.

Na wewe unayesoma, kama uko na ndugu ndani, usiogope kuuliza tarehe yake.

Hatusemi wezi wasifungwe. Tunasema wahukumiwe.