Ukali wa Pilipili na Chungu cha Familia

Katika soko la Konyo Konyo mjini Juba, pilipili nyekundu zilizokaushwa huuzwa nzima, na nyingine huuzwa zikiwa zimekwisha kusagwa. Unga wake ukichanganywa na ndimu, kitunguu saumu, chumvi na mafuta kidogo, hupatikana shata, ambayo huandamana na ful, samaki wa Mto Nile na nyama ya kuchoma. Kwa watu wengi wa mji huo, chakula kisicho na shata ni chakula kilichopungukiwa.

Ichukuliwe mfano wa nyumba ya askari. Baba arejea kutoka lindoni, na kwa kuwa apenda chakula kikali, mama atia shata katika mchuzi wote uliomo chunguni. Baba ala na kusifu. Mtoto wa miaka mitatu ameza tonge moja la asida, kisha aangua kilio. “Nyamaza,” baba amwambia, “mtoto wa askari halii kwa ajili ya pilipili.” Baba hakusudii ubaya; lakini amekosea, kwa maana kilio kile si deko wala ukaidi. Mtoto yule ameumia kweli.

Watu husema “ladha ya pilipili”, ilhali ukali huo si ladha. Ulimi huonja utamu, chumvi, ukakasi wa ndimu, uchungu, na ule unono wa mchuzi wa nyama. Ukali hauonjwi, huhisiwa, kama vile jeraha lihisiwavyo. Kiwashacho ndani ya pilipili ni kemikali iitwayo kapsaisini, jina ililopewa na mkemia Mwingereza John Clough Thresh mwaka 1876. Wengi hudhani kwamba imo katika mbegu, kumbe hutengenezwa hasa katika utando mweupe ushikao mbegu hizo. Aondoaye utando huo kabla ya kupika hupunguza ukali kwa kiasi kikubwa.

Jinsi kapsaisini iunguzavyo ilidhihirika mwaka 1997, pale mtaalamu wa Marekani David Julius na wenzake walipotambua mlango mdogo sana uliomo katika mishipa ya fahamu. Kazi ya mlango huo ni kuuonya mwili juu ya joto lizidilo nyuzi 43 hivi za sentigredi. Kapsaisini huufungua mlango huo bila ya kuwapo moto wowote, na ubongo hupokea habari kwamba kinywa kinaungua. Ndipo jasho litokapo, machozi na kamasi zikafuata. Kwa uvumbuzi huo Julius alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Pilipili manga na tangawizi nazo hubisha hodi katika mlango huo huo, ila kwa nguvu ndogo zaidi.

Hapa ndipo lilipo jambo la kuzingatiwa na kila mpishi. Mtu alaye pilipili kila siku, mishipa yake hupunguza wepesi wa kuitikia. Kwa hiyo, mama aliyezoea shata akionja mchuzi na kusema hauna ukali, asema kweli kwa ulimi wake mwenyewe tu. Ulimi uliozoea si mizani ya haki kwa mtoto, kwa mgeni, wala kwa mgonjwa.

Mtoto akiisha kuunguzwa, aghalabu hupewa maji, nayo hayasaidii sana, kwa sababu kapsaisini haiyeyuki vizuri katika maji bali katika mafuta. Yafaa apewe maziwa au mtindi, kwani maziwa huibandua kapsaisini kutoka kinywani. Mikono iliyoponda pilipili nayo isafishwe kwa kupakwa mafuta ya kupikia, kisha ioshwe kwa sabuni, kabla ya kumgusa mtoto mchanga au kujigusa macho.

Lakini pilipili ikiingia jichoni, mafuta yasitiwe kamwe. Jicho lisisuguliwe, lioshwe kwa maji mengi safi kwa muda wa robo saa, na maumivu yakiendelea, mgonjwa apelekwe zahanati. Askari polisi hawana haja ya kuelezwa uzito wa jambo hili: dawa ya kupuliza itumiwayo na polisi wa nchi nyingi kuwazuia wakorofi hutengenezwa kwa mafuta ya pilipili. Kile kimwangushacho mtu mzima barabarani ndicho hicho kilichomo katika kibakuli cha mezani, ingawa kwa kipimo kidogo.

Haya yote hayamaanishi kwamba shata iondolewe nyumbani. Desturi ya zamani ya kuiweka shata kando, katika kibakuli chake, ina hekima kubwa: mchuzi hupikwa kwa ajili ya wote, na kila mmoja huongeza ukali kwa kadiri awezavyo kuustahimili. Baba atapata moto wake, na mtoto atapata shibe yake.

Wahenga waliuliza: pilipili usiyoila yakuwashiani? Katika chungu kimoja cha familia, mtoto huwashwa na pilipili ya babaye. Ikitengwa kibakulini, itamwasha yule tu aliyeitaka.